Punda Akubali Mwenyewe: Namna ya Kumtibu Kidonda Bila Kumfunga

"Punda wangu ana kidonda mgongoni. Nikimsogelea na dawa anarusha mateke. Nimfungeje?" Swali hili haliishi. Mwingine ana punda asiyetaka kuinuliwa mguu. Mwingine ana punda jike anayeutambua mlio wa pikipiki ya daktari wa mifugo tangu ikiwa barabarani, na ikifika yeye ameshahama. Wote wanataka kujua kitu kimoja: nimshike vipi?

Jibu langu ni kwamba usianzie kwenye kushika. Kidonda cha matandiko hakiponi kwa dawa ya siku moja. Huoshwa kila siku, wiki baada ya wiki, mpaka nyama ijae na ngozi ifunge. Ukiita vijana wanne leo wakambana ukutani, dawa itaingia, sikatai. Ila kesho akiiona ile chupa mkononi mwako atakuwa upande wa pili wa uwanja, na keshokutwa utasema "tumwache apumzike kidogo". Hapo ukoko unafunga juu, usaha unabaki chini, na nzi wamepata pa kutagia. Punda anayekuja mwenyewe hutibiwa kila siku. Faida yote ya mwongozo huu ni hiyo: kidonda kuguswa kila siku bila vita.

Wala si jambo geni. Pale Morogoro, panya buku wa shirika la APOPO wanafundishwa kunusa mabomu ya ardhini na makohozi yenye kifua kikuu kwa mlio mdogo unaofuatwa na kipande cha ndizi. Katika bustani ya wanyama ya Cheyenne Mountain huko Colorado, Marekani, twiga huweka mguu wenyewe juu ya kigogo ili kwato zao zikatwe. Kama twiga anaweza, punda wako, aliyekariri kila kona ya mtaa na kila duka analoshushia mzigo, hashindwi.

Kwanza: je, hii ni dharura?

Mafunzo haya huchukua siku kadhaa. Yapo mambo yasiyongoja hata saa kadhaa. Acha kusoma, piga simu kwa daktari wa mifugo, ukiona lolote kati ya haya:

- Punda amekataa chakula. Kwa punda jambo hili ni zito kuliko watu wanavyodhani. Asipokula, mwili humwaga mafuta ya akiba kwenye damu kupita uwezo wa ini, na anaweza kufa kwa hilo hata kama ugonjwa wa awali ulikuwa mdogo.
- Analala na kuinuka mara kwa mara, anajitazama ubavuni, hapati choo.
- Mwili umekakamaa, taya zimebana, mkia umenyooka, utando wa ndani wa jicho umejitokeza. Hiyo huenda ni pepopunda, na punda huipata kwa urahisi kupitia kidonda.
- Kidonda kiko karibu na kiungo, au kirefu hadi unaona mfupa, au damu haikatiki. Kandamiza kwa kitambaa safi mpaka msaada ufike.
- Hawezi kukanyagia mguu mmoja kabisa.

Kama hamna hata moja, una nafasi ya kufundisha. Ila hata kidonda cha kawaida kionyeshe daktari au afisa mifugo mara ya kwanza, akuandikie dawa na aulize habari ya chanjo ya pepopunda.

Vitu vya kuandaa

- Punda mwenzake. Punda hushikamana wawili wawili, na kumtenga mgonjwa na rafiki yake kunatosha kumfanya aache kula. Rafiki afungwe karibu, mahali anapoonekana.
- Zawadi ndogo: karoti zilizokatwa kwa urefu kama vidole. Usizikate duara, hukwama kooni. Maganda ya ndizi kiasi, au konzi ndogo ya majani anayoyapenda, yanafaa pia. Mkate, sukari na ugali viache jikoni.
- Mkoba wa kiunoni au mfuko wa aproni, ili mikono ibaki huru.
- Hatamu ya kitambaa au kamba laini ya pamba. Katani hukata ngozi.
- Gunia dogo lililojazwa nguo kuukuu likawa kama mto.
- Maji ya chumvi: nusu lita ya maji yaliyochemshwa na kupoa, kijiko kimoja cha chai cha chumvi kilichosawazishwa. Tengeneza mapya kila siku.
- Shashi au vitambaa safi, glavu, na bomba la sindano kubwa lisilo na sindano.
- Dawa aliyoandika daktari. Oili chafu ya gari, maji ya betri, mafuta ya taa na jivu la moto si dawa. Vinaunguza nyama mpya inayojaribu kuota. Kuchoma kwa chuma cha moto kadhalika, hata kama babu alifanya.
- Daftari.
- Dakika tatu hadi tano, mara mbili kwa siku. Nusu saa mfululizo inamchosha, na punda aliyechoka anajifunza kukuchukia.

Kitu kimoja kinachokosewa sana kwenye maandalizi: watu husikia "zawadi ya chakula" wakaamua kumnyima chakula ili awe na hamu. Usithubutu. Nimeeleza hapo juu kinachompata punda asiyekula. Mfundishe akiwa ameshiba majani. Karoti ina utamu wake hata kwa aliyeshiba.

Hatua kwa hatua

1. Mtazame kabla ya kumgusa.

Kaa mbali kidogo kivulini, dakika kumi, usifanye lolote. Punda huficha maumivu; usingoje alie. Angalia masikio: yameanguka pembeni au yanazunguka kufuata sauti? Macho yamefumba nusu? Midomo imebanwa, pua imekunjwa? Anahamisha uzito kutoka mguu mmoja kwenda mwingine? Anasimama mbali na mwenzake? Hesabu pumzi kwa kutazama ubavu. Punda mzima aliyetulia hupumua takriban mara 12 hadi 28 kwa dakika, na joto lake ni kati ya nyuzi 36.5 na 37.8. Andika kwenye daftari. Utahitaji kujua alivyo siku za kawaida ili utambue siku isiyo ya kawaida.

2. Chagua mahali penye njia ya kutokea.

Uwanja mdogo wenye kivuli, ardhi isiyoteleza, na nafasi nyuma yake ya kurudi hatua tatu nne. Usimweke konani. Kamba, kama ipo, iwe imelegea mkononi mwako, usiifunge mtini. Watu wengi hushindwa hapa kwa sababu wanaogopa ataondoka. Mwache aondoke. Akiondoka amekuambia umekwenda kasi, na hiyo ni habari unayoihitaji.

Mahali hapa pawe pa somo tu. Pasiwe pale anapotandikwa mzigo.

3. Chagua neno la "umepatia".

Unahitaji sauti fupi inayomwambia: hicho ulichofanya sasa hivi ndicho, zawadi inakuja. Usitumie kudata ulimi wala mlio wa busu. Waswaga punda wengi huutumia mlio huo kumwambia "twende", na utamvuruga. "Haya" nayo haifai, kwa sababu hiyo hiyo. Mimi husema "tamu!", kwa sababu hakuna anayemwambia punda neno hilo barabarani.

Simama pembeni ya bega lake. Sema "tamu", kisha mpe kipande cha karoti kwenye kiganja kilicho wazi. Rudia mara kumi, pumzika. Usimpe akisukuma mkoba kwa pua; ngoja ageuze kichwa mbele, sema "tamu", ndipo umpe. Ndani ya siku moja au mbili utasema neno na masikio yatakugeukia kabla mkono haujafika mfukoni. Hapo ameelewa.

4. Mfundishe kituo cha kidevu.

Hii ndiyo nguzo, usiiharakishe. Weka lile gunia juu ya pipa au ukuta mfupi, kimo cha kifua chake. Punda atalinusa tu, ni mdadisi. Pua ikigusa: "tamu", karoti. Kisha ngoja kidogo zaidi: pua imegusa na imekaa. Kisha kidevu kimetua juu. Toa karoti pale pale juu ya gunia, ili kubaki pale kuwe na faida.

Ongeza muda kidogo kidogo. Sekunde moja, mbili, tatu, halafu rudi mbili, kisha tano. Usipande kila mara. Ukiongeza tu bila kupunguza ataona kazi haina mwisho. Lengo ni sekunde kumi au kumi na tano za kidevu kilichotulia, masikio yamelegea, bila kumgusa popote.

Sasa sikiliza makubaliano, maana ndiyo yanayobeba kila kitu kinachofuata. Kidevu kikiwa juu ya gunia, maana yake "endelea". Kidevu kikiinuka, maana yake "acha", na wewe unaacha mara moja. Si baada ya kumalizia kufuta. Si baada ya "kidogo tu". Unaondoa mkono, unasimama, unangoja. Asipopata karoti wakati huo si adhabu, ni kwamba somo limesimama. Akirudisha kidevu, unaanza tena kwa jambo dogo kuliko lile alilokataa.

Wamiliki husikia hivi wakacheka: punda ataniamrisha mimi? Jaribu siku tatu. Punda aliyezoea kwamba kukataa kwake kunasikilizwa hakatai hovyo, kwa sababu hana haja ya kuanza na mateke ili aeleweke. Wanaorusha mateke ni wale ambao waliinua kichwa, wakakunja masikio, wakahama hatua, na hakuna aliyejali.

5. Mkono uende safari.

Kidevu kiko kituoni. Gusa bega, mahali pasipouma, kwa upande wa nje wa mkono. Ondoa mkono. "Tamu", karoti. Angalia mpangilio: mguso kwanza, karoti baadaye. Ukitoa karoti kwanza ili umgusie akiwa anatafuna, umemdanganya, na baada ya siku chache atakapoona karoti atajua kuna jambo baya linakuja.

Kutoka begani nenda taratibu kuelekea kidonda, upana wa vidole viwili kila mara. Tazama ngozi. Nzi akitua mgongoni mwa punda ngozi ile hutetemeka peke yake. Ikitetemeka hivyo kabla mkono wako haujagusa, basi umefika mpaka wa leo. Rudi nyuma kidogo, malizia mahali anapofurahia, kama chini ya manyoya ya shingo au kifuani, funga somo.

Usishangae ukitumia siku mbili kufika karibu na kidonda ambacho unakiona kwa macho kiko umbali wa mkono mmoja.

6. Vitambulishe vyombo kimoja kimoja.

Punda haogopi "matibabu". Anaogopa harufu ya dawa ya kupuliza, mchakacho wa mfuko wa plastiki, ubaridi wa maji, mlio wa glavu. Kila kimoja ni somo lake. Mwonyeshe bomba tupu kwa mbali: "tamu". Alinuse: "tamu". Liguse bega likiwa tupu. Kisha maji ya vuguvugu ya chumvi, matone machache begani. Maji ya baridi ghafla juu ya nyama mbichi yatakurudisha hatua ya kwanza, kwa hiyo yapashe joto la mwili.

Dawa za kupuliza zina mlio unaofanana na nyoka. Kama daktari amekubali mbadala wa kupaka, chagua kupaka. Kama ni lazima kupuliza, anza ukiwa mbali, upande wa upepo, ukielekeza chini. Unaweza pia kupuliza kwenye shashi, kisha kupaka kwa shashi.

7. Osha mara ya kwanza.

Siku hii iwe fupi kuliko masomo yote. Kidevu kituoni, mimina maji kidogo juu ya kidonda, "tamu", karoti mbili. Mimina tena. Kama ukoko umekauka, weka shashi iliyolowa juu yake ulainike, usiukwangue. Futa kutoka katikati kwenda nje. Akiinua kidevu mara tatu mfululizo, leo yatosha. Kidonda kilichooshwa nusu kwa hiari leo kitaoshwa chote kesho.

Ukiona wadudu weupe ndani, au harufu kali, au usaha unaotoka chini ya ngozi nzima, rudi kwa daktari. Huko si kuosha tena.

8. Changanya masomo mepesi na kazi yenyewe.

Kosa la wiki ya pili ni hili: punda amekubali, mwenye punda amefurahi, basi kila kidevu kikitua ni kuosha tu. Baada ya siku nne kituo kinakuwa mahali pa kuumizwa. Kwa kila mara moja unayofanya jambo linalouma, fanya mara nne tano mambo yasiyouma: gusa bega, onyesha chupa kisha iweke chini, mkune kifuani. Asijue ni ipi.

9. Sindano na dawa ya mdomoni.

Sindano achome daktari. Wewe fundisha mwanzo wake: finya ngozi ya shingo kidogo, "tamu", kandamiza kwa ncha ya kalamu iliyofungwa kifuniko, "tamu", mtu mgeni asimame pembeni, "tamu". Harufu ya spiriti nayo ifundishwe, kwani punda wengi hushtukia hiyo kabla hawajaiona sindano.

Dawa ya minyoo ya bomba: kwa siku kadhaa jaza bomba maji ya karoti zilizopondwa, ligusishe pembe ya mdomo, msukumie kidogo. Siku ya dawa yenyewe, mpe bomba la karoti kabla na baada. Dozi hupangwa kwa uzito, kwa hiyo muulize daktari, usikadirie kwa macho.

10. Kwato.

Kituo kile kile. Telezesha mkono kutoka begani hadi kifundo, "tamu". Mguu ukilegea, "tamu". Ukiinuka kidogo, "tamu", uteremshe wewe kabla hajaunyakua. Usiuinue juu kama wa farasi mkubwa. Punda ni mfupi, unamuumiza nyonga. Kwato hukatwa takriban kila wiki 6 hadi 10, kwa hiyo una muda wa kutosha wa kufundisha kati ya mkato mmoja na mwingine.

Kidonda hakianzii kwenye ngozi

Unaweza kufuata hatua zote kumi na kidonda kisipone, kwa sababu kesho asubuhi yale yale matandiko yanarudi juu yake. Hapa ndipo ninapokuwa mkali. Punda mwenye kidonda cha mgongo habebi. Hakuna dawa inayoshindana na kilo za mchanga zinazosugua nyama mbichi. Najua watoto wanakula kwa mgongo huo. Hata hivyo wiki za kupumzika ni nafuu kuliko kununua punda mwingine.

Wakati anapumzika, geuza shogi lake, yaani matandiko ya mzigo, uone ndani. Pitisha kiganja kwa kukandamiza, si kwa kutelezesha. Utakuta fundo la kamba, msumari, au gunia lililoganda jasho na damu likawa gumu kama ubao, na mara nyingi mahali hapo patalingana sawasawa na kidonda. Ongeza godoro la pamba au blanketi nene, safi, lililokunjwa bila mikunjo, na liache mfereji katikati ili uti wa mgongo usiguswe. Mzigo ulale pande mbili kwa uzito sawa. Kisha, siku ya kwanza ya kuyajaribu matandiko mapya, mpe naye nafasi ya kusema: yaweke bila mzigo, mtembeze, na utazame masikio na mkia.

Kuna mambo mengine anayojitibu mwenyewe ukimpa nafasi tu. Punda hugaagaa vumbini, na kwa hilo hutunza ngozi yake. Mwachie eneo la mchanga mkavu, ila si wakati kidonda kiko wazi na kibichi. Mwekee jiwe la chumvi alambe apendavyo. Mwekee maji safi muda wote. Punda mkubwa anaweza kunywa lita 10 hadi 25 kwa siku kutegemea jua na kazi. Weka kivuli cha kuingia na kutoka atakavyo. Utaona mwenyewe anachochagua saa ngapi.

Vipi kuhusu mitishamba, kumwachia achague majani? Huulizwa sana, na lipo jambo la kweli nyuma yake. Mwaka 1987 kule Mahale, kando ya Ziwa Tanganyika, mtafiti Michael Huffman na Mohamedi Seifu Kalunde walimwona sokwe jike mgonjwa akimenya tawi la mjonso na kutafuna kiini chake kichungu, mti ambao Watongwe nao huutumia kama dawa ya tumbo. Yule sokwe alipata nafuu. Lakini sokwe wa Mahale amezaliwa msituni akimtazama mama yake. Punda wako amezaliwa mjini, na akiwa na njaa atakula hata oleanda ya uzio wa jirani, ambayo inaua. Lantana na majani ya mparachichi nayo ni sumu kwake. Kumpa uchaguzi kati ya majani salama unayoyajua ni sawa. Kumfungulia kichaka ukatumaini hekima ya mababu ni kamari.

Yanapokwama

*Hali karoti kabisa.* Huenda hajawahi kuiona. Anza na majani aliyozoea, kisha changanya. Kama alikuwa anaila na leo ameikataa, acha somo, angalia kama anakula majani. Kama hali chochote, rudi juu kwenye orodha ya dharura.

*Ananinyakua mkononi.* Toa zawadi kwenye karai lililo chini ya gunia badala ya kiganja. Watoto wasimlishe mkononi kipindi hiki.

*Kidevu kiko kituoni lakini mwili unatetemeka.* Huyo hajakubali, amejikaza. Punda wana tabia ya kuganda wanapoogopa, na watu hudhani ni utulivu. Tazama midomo iliyobanwa na pumzi iliyoshikwa. Rudi hatua mbili nyuma, hata kama jana mlifika mbali.

*Jana alikubali, leo hataki.* Tafuta kilichobadilika: maumivu yameongezeka, mwenzake hayupo, kuna ngoma ya harusi mtaani, au kuna mtu alimtibu kwa nguvu ukiwa haupo. La mwisho ndilo la kawaida zaidi. Wote nyumbani wajue makubaliano ya kidevu, la sivyo unafundisha na wao wanafuta.

*Kwangu anakubali, kwa kijana wangu hakubali.* Kijana aanzie hatua ya tatu. Hatachukua muda mrefu, lakini hawezi kurithi imani yako.

*Ni dume, ananiuma.* Usifundishe ukiwa ndani naye. Simama upande wa pili wa uzio, gunia liwe juu ya uzio. Na zungumza na daktari kuhusu kumhasi.

*Lazima atibiwe leo na bado hajafundishwa.* Basi atibiwe leo. Muulize daktari kama dawa ya kutuliza inafaa. Kama ni kumshika, mshike kwa watu wachache wenye utulivu, mwenzake akiwa karibu, bila kumsokota mdomo wala sikio. Ila fanya hivyo mahali pengine, mbali na gunia, na usiseme "tamu" hata mara moja. Usimwite kituoni kisha umvamie. Ukifanya hivyo mara moja tu, gunia litakuwa mtego, na itakubidi utafute kituo kipya chenye umbo jingine.

*Daktari ana haraka, hataki mambo ya gunia.* Wana wagonjwa wengi, tuwaelewe. Mpigie kabla hajafika, umwambie punda amefundishwa kuweka kidevu, unahitaji dakika mbili. Punda awe tayari kituoni, kidonda kimeshaoshwa, daftari mkononi. Mwombe aanze kwa kuweka tu kiganja begani, wewe useme "tamu". Kama uko Lamu, ambako punda ndio gari la mji na The Donkey Sanctuary ya Uingereza ilifungua kliniki mwaka 1987, utakuta wahudumu wanaomjua punda kuliko ng'ombe. Kwingineko huenda daktari wako anashughulika zaidi na mbuzi na kuku, kwa hiyo mweleze bila aibu kwamba kidevu kikiinuka asubiri, na umwonyeshe mahali pa kusimama: pembeni ya bega, si nyuma.